Kazi ya Kamusi katika Nyumba ya Gough Square

Mtu apitaye vichochoro vya kaskazini ya Fleet Street, mjini London, hufikia kiwanja kidogo kiitwacho Gough Square, na mwisho wa kiwanja hicho ipo nyumba ya matofali, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 17, ambayo Samuel Johnson, mtunga kamusi, aliipanga kati ya mwaka 1748 na 1759. Cecil Harmsworth aliinunua mwaka 1911 ikiwa imechakaa mno, akaitengeneza, na mwaka 1914 ikafunguliwa kwa umma. Nyumba za watunzi zilizo nyingi humtaka mgeni astaajabie kiti na miwani ya marehemu; hii, kwa uchache wa vyombo vyake, humpeleka moja kwa moja kwenye kazi yenyewe, nayo kazi ilifanyika juu kabisa, darini.

Johnson alifanya mkataba na wauza vitabu mwaka 1746, kwa ginea 1,500, akaahidi kuimaliza kamusi ya Kiingereza kwa miaka mitatu. Na katika fedha hizohizo ndimo ulimotoka ujira wa makarani wake sita, ambao watano walikuwa watu wa Scotland. Hapo darini, palipopangwa mithili ya afisi ya tajiri wa biashara, makarani walisimama na kuketi kwenye meza zao, ilhali yeye akisoma.

Na kusoma kwake ndiko kiini cha jambo hili. Alitwaa vitabu vya Bacon, Shakespeare, Milton, Dryden na wengineo, akapiga mstari wa penseli chini ya neno alilolitaka, akatia alama mwanzo na mwisho wa ibara iliyolichukua, kisha akaandika pambizoni herufi ya kwanza ya neno lile. Kitabu kilipomfikia karani, karani hakuhitaji kuuliza lolote: aliinakili ibara, akaiweka mahali pa herufi yake. Kwa mpango huu mwepesi mwanachuoni mmoja aliweza kuwatumikisha watu sita bila ya kuwakatiza, na bila wao kumkatiza yeye.

Hata hivyo jaribio la kwanza liliharibika, na kwa rai yangu hapa ndipo penye mafunzo makubwa kuliko yote. Ibara zilikuwa zikipangwa katika madaftari yapatayo 80, kila neno likiachiwa nafasi yake iliyokadiriwa mapema. Lakini ushahidi ulipozidi kumiminika, maana za neno moja zikagawanyika kupita kadiri, na nafasi ikawa finyu. Kitenzi kimoja tu, “take” (kutwaa), hatimaye kilihesabiwa maana 134. Ni daftari gani lingelikadiria hayo kabla ya ushahidi kukusanywa? Yapata mwaka 1750 madaftari yakaachwa, na kazi ikapangwa upya. Boswell, mwandishi wa maisha ya Johnson, asimulia tena kwamba sehemu fulani iliandikwa pande zote mbili za karatasi, jambo lisilowafaa wapiga chapa, ikabidi inakiliwe upya kwa gharama ya pauni 20.

Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, juzuu mbili kubwa, maneno 42,773, na ibara za ushahidi takriban 114,000. Wingi wa maneno si ajabu sana, kwani kamusi ya Nathan Bailey iliyotangulia ilikuwa na mengi kama hayo. Ajabu ni kwamba maana zilipimwa kwa matumizi ya watunzi, msomaji akaonyeshwa mizani yenyewe. Nami, nikikumbuka hazina tuliyo nayo katika mashairi ya Muyaka na tenzi za Lamu na Pate, natamani kwa moyo wote kamusi ya Kiswahili iliyotungwa hivyo, kila maana na ubeti wake na mwenye ubeti.

Madaftari yale yaliyoachwa, kwa bahati njema, hayakupotea yote. Johnson alipoisahihisha kamusi kwa chapa ya nne, iliyotoka mwaka 1773, vipande vyake vilikatwa na kutumiwa tena, na ibara zilizokosa nafasi miaka ishirini na zaidi iliyopita zikaingia katika herufi za mwanzo za kitabu.