Mgeni Anayejua Kama Ni Mgeni: kusoma tena makala ya Xen ya 2003



Kuna sentensi moja naikuta karibu kila TFC ya informatike ninayopewa nisome kabla mwenyewe hajaenda kuitetea mbele ya juri: "Mashine pepe ni kompyuta isiyojua kama iko ndani ya kompyuta ingine." Wanafunzi wanaikopi, juri inaikubali, mwaka unaofuata inarudi na jina jipya juu ya karatasi. Mimi nasema sentensi hiyo imepitwa toka 2003, na makala iliyoiangusha inaitwa "Xen and the Art of Virtualization". Watu tisa, wengi wao wa Cambridge kule Uingereza, waliitoa kwenye mkutano wa SOSP Oktoba mwaka huo. Nimeisoma tena mwezi huu, siku umeme ulipokubali, na nataka niseme pale inaposhinda na pale inaponikwaza.

Shida yenyewe ni hii. Linux imezoea kuwa bosi wa prosesa. Kwenye x86 kuna ngazi nne za mamlaka, 0 hadi 3: kerneli inakaa ngazi 0, programu zetu ngazi 3. Ukitaka mifumo kadhaa ikae juu ya mashine moja, lazima mwingine awe juu yao wote. Huyo ndiye hipavaiza. Mifumo inakuwa wageni, inashushwa ngazi.

Ingekuwa rahisi kama prosesa ingemkamata mgeni kila akigusa kisicho chake. Kumbe Pentium haikuwa hivyo. Robin na Irvine walihesabu mwaka 2000 amri 17 ambazo zinagusa mambo ya mwenye nyumba bila prosesa kumwita. Chukua POPF. Kerneli inaitumia kufunga au kufungua makatizo. Ikiwa haina mamlaka, prosesa haikatai, haipigi kelele, inapuuza tu. Ni sawa na kufungua bomba, maji hayatoki, na hakuna wa kukuambia juu ya nini. Hapa Uvira tunalijua bomba hilo.

VMware, toka 1999, ilikuwa inasoma amri za mgeni akiwa kazini na kuzibadilisha kabla hazijafika kwa prosesa. Kazi ya ustadi kabisa, siidharau. Lakini ni uongo wa mchana kutwa, na uongo unakula nguvu ya mashine. Kwa sisi wa panneau na betri, nguvu ya mashine ni pesa.

Watu wa Cambridge wakasema: tumwambie mgeni ukweli. Kerneli yake ikae ngazi ya 1, Xen ichukue 0, na akihitaji jambo kubwa apige hodi. Hodi hiyo ndiyo hipakoli. Jinsi programu inavyoiomba kerneli ifungue faili, ndivyo kerneli ya mgeni inavyoiomba Xen: inaweka namba ya ombi na maelezo yake mahali palipokubaliwa, inaita, inasubiri jibu. Upande wa pili, Xen ikiwa na habari (paketi imefika, diski imemaliza) inamwachia mgeni alama nyepesi mahali pa katizo la kweli.

Sehemu tamu kwangu ni ya kumbukumbu. Mgeni anaachiwa kusoma majedwali yake ya kurasa, yale yanayosema anwani ipi iko wapi ndani ya RAM, lakini hawezi kuyaandika. Kila badiliko anapiga hodi. Xen inakagua kama ukurasa ni wake kweli, ndipo inaandika. Na kwa kuwa kila hodi ina gharama, anaruhusiwa kukusanya mabadiliko mengi na kuyapeleka kwa mara moja. Mama anayevusha vitenge Kavimvira anaelewa bila kufundishwa: hakuna anayepanga foleni mara kumi kwa mizigo kumi.

Sasa lawama zangu.

Ya kwanza ni hesabu ya mistari. Makala inajisifu kwamba kuibadilisha Linux ilihitaji mistari 2,995, yaani 1.36 kwa mia ya kodi yake ya x86. Windows XP, ambayo kazi yake ilikuwa bado inaendelea, 4,620. Namba ndogo, sawa. Ila swali siyo mistari mingapi. Ni nani mwenye ruhusa ya kuiandika. Linux iko wazi, hata mtu wa Kalundu anaweza kuigusa. Windows lazima mwenyewe akubali, na ile XP ya Cambridge haikuja kufika kwa watu. Makala inapita hapo haraka mno.

Ya pili ni nzito zaidi. Makala inapima mwendo, tena mwendo, na inamchukulia mkaguzi wa dirishani kama mtu asiyekosea. Oktoba 2015 mradi wa Xen ulitangaza kosa linaloitwa XSA-148: ukaguzi wa majedwali ya kurasa ulikuwa na njia ya kukwepwa, toka toleo 3.4 la 2009. Zaidi ya miaka 6, mgeni wa aina hii angeweza kuchukua nyumba nzima. Fikiri una fishi za wagonjwa juu ya serva ya kukodi na jirani yako humjui. Kinachokutenga naye ni ukaguzi ule tu.

Na mwendo wenyewe? Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 walianza kuuza prosesa zinazomkamata mgeni vizuri, bila kerneli yake kuguswa. Hoja kubwa ya makala ikapungua nguvu ndani ya miaka mitatu. Hata hivyo Agosti 2006 Amazon ilifungua EC2, iliyojengwa na kikosi cha Cape Town, hapa hapa Afrika, juu ya Xen.

Hodi lakini haikufa. Intel yenyewe iliweka amri ya VMCALL kwa kazi hiyo, AMD ikaweka VMMCALL. KVM ina hipakoli zake, Hyper-V ya Microsoft pia. Ndiyo Microsoft, Windows yao leo inapiga hodi bila haya. VirtualBox ambayo nyinyi wote mnafanyia TFC inajionyesha kwa Linux kana kwamba ni KVM, na kwa Windows kana kwamba ni Hyper-V, ili mgeni ajue pa kubisha. Anayebisha afungue Linux yake ndani ya VirtualBox, aandike dmesg, atafute neno KVM katika mistari ya mwanzo. Ile mashine "isiyojua" inajitangaza yenyewe, kabla hata haijamwomba nywila.