Figa Lililohama Jiko: Uimbaji wa Cindy Sanyu

Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars lilizalisha makundi matatu ya waimbaji katika Afrika ya Mashariki. Kenya ilipata Sema, Tanzania ikapata Wakilisha, nasi Uganda tukapata Blu*3: Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cindy Sanyu. Majina mawili ya kwanza ni vitenzi vya Kiswahili. Letu likawa la Kiingereza, wala hatukushangaa. Hata hivyo mabinti hao walitupatia wimbo uitwao Hitaji, neno linalofaa sana darasani: je, ni nomino au ni amri?

Mwaka 2008 Cindy alijitoa ili aimbe peke yake. Ni rahisi kumlaumu kwa methali isemayo kuwa figa moja haliinjiki chungu. Sisi twaona kwamba methali hiyo haimpati. Mafiga ya jiko lile hayakuchaguana. Yaliokotwa na waamuzi wa shindano. Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, imepokea na kuaga waimbaji wengi bila kuzimika, kwani ina wapigaji ala na mapokeo yake. Blu*3 ilikuwa sauti tatu tu. Mya Baganda alishika nafasi iliyoachwa, lakini kundi halikudumu. Sema na Wakilisha nazo zilivunjika, na Sanaipei Tande na Shaa wakajulikana kila mmoja kwa jina lake.

Tupime basi uimbaji wenyewe. Katika kundi, sauti ya Cindy, nzito na yenye ukali, ilibidi ipunguzwe ili ilingane na za wenzake. Katika Ayokyayokya haipunguzwi. Takriri iliyomo katika jina lenyewe la wimbo ndiyo inayobeba mdundo, na Kiganda chamkaa kinywani kama vazi lililoshonwa kwa kipimo chake. Hapo alipata faida ambayo kundi lisingempa.

Lakini nyimbo zilizomjengea sifa nyumbani ni za Kiganda na Kiingereza hasa. Hatumlaumu, msanii hula kwa wasikilizaji wake, na wake wako Kampala. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanafunzi atokapo darasani akafungua redio, Kiswahili anachokisikia kikiimbwa hutoka zaidi Dar es Salaam na Nairobi. Twatamani kumsikia Cindy akikiimba sasa, kwa sauti ile isiyopunguzwa.