Kompaila Ikigoma, Tafuta Hatua Iliyotangulia

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ardhi inateremka kwa takribani mita elfu moja hadi bonde la Ziwa Rukwa, na upande wa pili hadi Ziwa Tanganyika. Kituo kimoja cha hali ya hewa kilichopo mjini hakiwezi kumsemea mkulima wa mahindi aliye juu na mkulima wa mpunga aliye bondeni kwa pamoja. Maeneo ya namna hii ndiyo yanayohitaji vituo vingi vya bei nafuu, na kazi ya kubuni vituo hivyo iliwahi kufanywa Afrika Mashariki katika mwongo wa 2010. Mradi wa WIMEA-ICT, uliounganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, ulibuni vituo vinavyojiendesha vyenye vihisi vinavyotumia vidhibiti vidogo vya AVR. Kidhibiti cha aina hiyo kina kumbukumbu inayohesabiwa kwa kilobaiti, kwa hiyo hakiwezi kujitafsiria programu yake. Programu hutafsiriwa kwenye kompyuta nyingine kwa kompaila mtambuka, ambayo hukaa kwenye mashine moja na kuzalisha msimbo wa mashine nyingine.

Kuijenga kompaila hiyo kutoka msimbo wa chanzo kumewakatisha tamaa mafundi wengi, na ninaamini sababu kubwa ni namna wanavyosoma makosa. Fundi hutazama mstari wa mwisho kwenye skrini na kudhani ndiko tatizo liliko. Mara nyingi mstari huo ni mwangwi tu. Programu ya make ikikwama ndani ya folda moja, kila folda iliyo juu yake nayo hutangaza kwamba imeshindwa, na kazi zilizokuwa zikiendeshwa sambamba huendelea kuandika ujumbe wao hata baada ya kosa lenyewe kupita. Kosa halisi linaweza kuwa mamia ya mistari juu, na wakati mwingine halimo kabisa katika hatua iliyogoma, bali katika hatua iliyodhaniwa kwamba ilikwisha salama.

Mpangilio wa ujenzi wenyewe unaonyesha kwa nini. Kwa kompaila ya GCC inayolenga AVR, binutils hutangulia, maana ndimo ilimo asembla na kiunganishi cha mashine lengwa. Hufuata GCC yenyewe, ambayo huhitaji maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC kwenye kompyuta inayojenga. Ikishapatikana, kompaila hiyo changa hutumiwa kutengeneza maktaba ya libgcc, na mwisho hujengwa maktaba ya avr-libc. Kila hatua hula mazao ya ile iliyotangulia. Mafundi wa chuma wa Ufipa, ambao kazi yao ilielezwa na Padri Wyckaert mwaka 1914, walifuata utaratibu wa aina hiyo. Waliyeyusha mawe katika ilungu, tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha wakasafisha chuma hicho, kikiwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, katika kintengwe, tanuri dogo la mivukuto. Jembe likivunjika chini ya nyundo, kuikagua nyundo peke yake hakutoshi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule ujumbe unaotokea libgcc inapoandaliwa, unaodai kwamba mfumo umeshindwa kutambua kiambishi tamati cha mafaili ya msimbo uliotafsiriwa. Anayeuamini kama ulivyoandikwa atahangaika na majina ya mafaili bure. Ukweli ni kwamba mfumo ulijaribu kutafsiri programu fupi ya majaribio ikashindikana, basi. Sababu imeandikwa kwenye faili la config.log, lakini ni lile lililo ndani ya folda ya libgcc ya mashine lengwa. Lile la juu halisemi lolote. Humo mara nyingi utakuta asembla inakataa agizo isilolijua. Hiyo ni asembla ya kompyuta yako, iliyoitwa kimakosa kwa sababu binutils ziliwekwa mahali fulani, GCC ikaelekezwa kwingine, au kwa sababu PATH haiitaji folda yake. Kosa lilifanyika kwenye hatua ya kwanza, likaonekana kwenye ya tatu.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajitese ilhali Debian na Ubuntu hutoa kompaila ya AVR iliyo tayari. Hoja hiyo ina uzito, na anayetosheka na kifurushi hicho akitumie. Lakini kwa miaka mingi kifurushi cha Debian kilibaki kwenye toleo la 5.4, wakati GCC yenyewe ilishafika toleo la 11 mwaka 2021. Anayetumia kidhibiti kipya, au anayetaka kurekebisha kompaila yenyewe, huenda akalazimika kuijenga mwenyewe. Wengine husema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Kufuta folda ya ujenzi ni sahihi pale ulipobadilisha maagizo ya configure, maana majibu ya zamani huweza kubaki humo. Kufuta bila kujua chanzo ni kulipa saa nyingine kadhaa ili kufika palepale.

Yapo pia makosa yasiyotoka kwenye msimbo wowote. Kompyuta yenye RAM ndogo ikiendesha kazi nyingi sambamba, kiini cha mfumo huua mchakato, na ujumbe unaotokea hufanana na kasoro ya kompaila. Amri ya dmesg itaonyesha ukweli, na tiba ni kupunguza idadi ya kazi. Sumbawanga kwa miaka mingi ilipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, kwa hiyo fundi wa huko hana budi kuifikiria hali ya umeme kukatika katikati ya ujenzi. Faili lililoandikwa nusu huweza kubaki kwenye diski, na kwa kuwa make hulinganisha nyakati za mafaili tu, italiona kuwa jipya na kulipita. Baadaye kiunganishi kitalalamika kwamba faili limekatika. Lifute hilo peke yake, kisha endelea. Kwa anayejenga juu ya Raspberry Pi za matoleo ya mwanzo, ambazo hazina saa yenye betri, umeme ukirudi bila intaneti saa huwa nyuma, na mafaili ya jana huonekana ni ya kesho. Hapo saa irekebishwe kwanza, kabla ya kuigusa make.