Samaki Mmoja Akioza: Kinyaa na Hukumu Zetu

Hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Huandikwa katika insha, husemwa barazani, na hutajwa kila mtu mmoja wa kundi anapokosa. Sisi tukaao Kigoma, ambako migebuka na dagaa ni riziki ya watu wengi, tunaona yafaa methali hii ihakikiwe kama kazi nyingine yoyote ya fasihi. Je, inasema kweli? Na inamwelekeza msikilizaji atende nini?

Kwanza tuutazame ukweli wake. Nenda asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, wavuvi wakisharejea. Mama muuza samaki akikuta mmoja kaoza tengani, hamwagi tenga zima. Humtoa yule mmoja, kisha huwachunguza waliosalia: hufunua mashavu aone kama yangali mekundu, hubonyeza nyama, hunusa. Walio wazima huuzwa. Kumbe waijuao kazi ya samaki hawaifuati methali ya samaki! Waifuatao ni sisi tusiochagua samaki, nasi huifuata pale tunapohukumu watu.

Basi nguvu ya methali hii yatoka wapi? Yatoka katika kinyaa. Neno hili lina maana mbili: uchafu wenyewe, na hali ya moyo ya kuuchukia. Lugha yetu imeviweka pamoja kitu na hisia yake, na hapo ndipo akili hupotea njia, ikadhani kuwa kila kinachotutia kinyaa hakina budi kuwa kichafu.

Mwaka 1872 Charles Darwin aliandika kuwa asili ya kinyaa ni ulimi: ni kukataa chakula kibaya. Hilo ni jema, maana bila kinyaa tungalikula vilivyooza tukafa. Lakini kinyaa hakisikii hoja. Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake, huko Marekani, walichovya katika kinywaji cha matunda mende aliyekufa na kuondolewa vijidudu vyote. Watu waliambiwa kuwa hana madhara, na bado kinywaji hicho kikawachukiza. Kwa kinyaa, kugusana ni kuambukizana. Hiyo ndiyo mantiki ya samaki mmoja na tenga zima.

Je, kinyaa hugeuza pia hukumu zetu za maadili? Mwaka 2008 wataalamu kadhaa walitangaza kuwa watu walionusishwa harufu mbaya walitoa hukumu kali zaidi juu ya makosa ya wengine. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2015 ulionyesha kuwa athari hiyo ni ndogo mno. Kwa hiyo hatudai kuwa shombo la mwaloni humfanya mtu hakimu katili. Hofu yetu ni juu ya maneno, yaani pale mtu mzima anapopewa jina la uchafu, kisha akatendewa kama uchafu.

Tutoe mfano wa hapa kwetu. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba iliwachukua watu kwa awamu hadi mjini Kigoma. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Siku hizo tulisikia kwa masikio yetu, sokoni na ndani ya magari, watu wakisema, "Hawa ni wachafu, wametuletea uchafu wao." Ugonjwa wa maji ukageuzwa kuwa tabia ya taifa. Lakini Agosti mwaka uleule kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, wala hatukumsikia mtu akisema kuwa watu wa Dar es Salaam wameoza wote.

Majirani zetu wameonja matunda ya lugha hiyo. Katika Rwanda ya mwaka 1994, redio iliwaita Watutsi mende. Mende hashitakiwi, wala hatetewi. Husagwa kwa kiatu. Mfano wa lugha hubeba ndani yake hukumu pamoja na adhabu.

Nasi washairi tusijitoe. Tulipokuwa shuleni miaka ya 1980, mnyonyaji aliitwa kupe, na mashairi ya namna hiyo tuliyaimba kwa furaha. Unyonyaji ulikuwa dhuluma ya kweli, na ulistahili kupigwa vita. Baadaye sisi wenyewe tulitunga shairi tukamwita mla rushwa funza, tukasifiwa sana. Siku moja mtoto wa mtu aliyeshitakiwa kwa rushwa aliimbiwa ubeti wetu njiani, akitoka shule. Mtoto yule hakula rushwa ya mtu. Tangu hapo hatujausoma ubeti ule mbele ya watu.

Hatusemi kuwa fasihi iache kukemea. Rushwa na iitwe uoza, kwa kuwa hapo ni tendo linalotajwa. Mtu akiitwa funza, mlango wa kutubu umefungwa, maana funza hatubu. Na ukoo wake umetiwa katika tenga moja naye. Mshairi akimwita mkosaji mdeni, tunajua la kufanya: alipe. Akimwita mgonjwa, atibiwe. Kila jina lina dawa yake, na jina la uchafu dawa yake ni kutupa tu.

Tunawaomba walimu wasiifute methali hii, bali waifundishe kwa kuihoji. Mwanafunzi aulizwe: ni nani aliyeoza, nani aliyemgusa tu, na nani aliyewachunguza? Kisha apelekwe mwaloni, amtazame yule mama na tenga lake, anavyomshika samaki mmoja mmoja kabla ya kutoa hukumu.