Jinsi Nyota ya Wicca Ilivyopata Nafasi Kwenye Makaburi ya Askari wa Marekani

Septemba 25, 2005, helikopta ya Chinook ya jeshi la Marekani ilitunguliwa nchini Afghanistan, na askari wote watano waliokuwamo wakafa. Mmoja wao alikuwa Sajini Patrick Stewart, wa kikosi cha Walinzi wa Taifa cha jimbo la Nevada. Jeshi lilimtunuku nishani ya Bronze Star na ile ya Purple Heart. Lakini mjane wake, Roberta Stewart, alipoomba kibao cha kumbukumbu chenye alama ya dini ya mumewe, alikataliwa. Marehemu alikuwa muumini wa Wicca, dini ya kisasa ya kipagani inayohusishwa na uchawi, na alama yake, pentakeli, haikuwamo kwenye orodha ya Wizara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu.

Orodha hiyo ndiyo iliyobeba ugomvi wote. Serikali ya Marekani humpa askari wake jiwe la kaburi bila malipo. Lile la wima la marumaru nyeupe lina urefu wa sentimita 107, upana 33, unene 10, na uzito unaopita kilo 100. Juu ya jina huchongwa alama ya imani. Familia hairuhusiwi kuleta mchoro wowote inaoupenda, sharti ichague miongoni mwa alama zilizokwisha kuidhinishwa. Wakati huo alama hizo zilizidi 30: misalaba ya namna nyingi, Nyota ya Daudi, hilali, gurudumu la Wabuddha, hata mchoro wa atomu kwa wasioamini Mungu.

Pentakeli ni nyota ya pembe tano, iliyochorwa kwa mistari inayopishana, ikazungushiwa duara. Wafuasi wa Wicca huzisoma pembe nne kuwa ardhi, hewa, moto na maji, na ya tano, ile ya juu, kuwa roho. Duara huziunganisha zote. Kwenye madhabahu yao ni kifaa cha kazi: kisahani cha shaba, mbao au nta, kinachosimama badala ya ardhi, ambacho juu yake huwekwa chumvi au mikate ya kubarikiwa. Gerald Gardner, Mwingereza aliyeitangaza Wicca hadharani miaka ya 1950, hakukibuni mwenyewe. Alikirithi kutoka vitabu vya kale vya uganga wa Ulaya vilivyonasibishwa na Nabii Suleimani, na kutoka desturi za chama cha uganga cha Golden Dawn kilichoanzishwa London mwaka 1888.

Nyota yenyewe ni kongwe kuliko Wicca, na wenyewe ni wengi. Imo kwenye bendera ya Morocco tangu mwaka 1915, na kwenye bendera ya Ethiopia tangu 1996. Sifa mbaya iliipata njiani. Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Éliphas Lévi aliandika kwamba nyota iliyosimama ni ya wema na iliyopinduliwa ni ya uovu. Mwaka 1966 Anton LaVey akaanzisha Kanisa la Shetani huko San Francisco, nalo likajitwalia ile iliyopinduliwa, na kichwa cha mbuzi ndani yake. Filamu za kutisha zikazichanganya zote mbili, na watu wengi wakaacha kuuliza ipi ni ipi.

Kisheria, hata hivyo, Wicca haikuwa mgeni. Mwongozo wa makasisi wa jeshi la Marekani uliieleza tangu 1978. Mwaka 1986, katika kesi ya mfungwa mmoja wa Virginia, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba ni dini inayostahili ulinzi wa Katiba. Lakini maombi ya kuiingiza pentakeli kwenye orodha, yaliyoanza kupelekwa mwaka 1997, yalikaa bila kujibiwa. Wizara ilisema kanuni zinaandikwa upya. Katika muda huohuo, alama za imani nyingine zilipitishwa.

Mafanikio yalipatikana kwa hatua mbili, na kila moja ilipangwa vizuri. Ya kwanza ilikuwa kupita mlango ambao Wizara haikuwa na ufunguo wake. Makaburi ya Fernley, yenye ukuta wa kumbukumbu ambao familia ya Stewart iliutaka, ni mali ya jimbo la Nevada. Jimbo likaamua kwamba mwenye kauli pale ni lenyewe, na Desemba 2006 kibao chenye pentakeli kikawekwa.

Ya pili ilikuwa mahakamani. Novemba 2006, shirika la Americans United lilifungua kesi huko Madison, Wisconsin, kwa niaba ya Roberta Stewart, kanisa la Circle Sanctuary linaloongozwa na Selena Fox, na wengine. Ustadi wa mawakili ulikuwa katika walichokiacha. Hawakumwomba jaji aseme kama Wicca ni imani njema au mbaya. Walitaka jibu la swali moja tu: kwa nini wengine wanapita na hawa wanasubiri? Serikali isiyoruhusiwa kupendelea dini haina jibu zuri kwa swali hilo. Zaidi ya hayo, mawakili walisema nyaraka za Wizara walizozipata zilirejea maneno ya Rais George W. Bush ya mwaka 1999, alipokuwa gavana wa Texas, kwamba haoni kama uchawi ni dini.

Aprili 23, 2007 pande mbili zilimaliza shauri kwa makubaliano. Pentakeli iliingizwa kwenye orodha, na Wizara ikakubali kulipa dola 225,000 za gharama za mawakili. Julai 4 mwaka huohuo, sherehe ya mawe yenye alama hiyo ilifanyika kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Wizara ilistahili kulaumiwa. Mjane wa mtu aliyeaminiwa kubeba silaha kwa niaba ya nchi hakupaswa kuachwa agombee mchoro wa sentimita chache. Njia aliyoifungua imewafaa wengine pia: nyundo ya Thor iliidhinishwa mwaka 2013, na alama ya Wadruidi mwaka 2017. Kwenye orodha ya Wizara leo, pentakeli ni namba 37, na familia inayoitaka hujaza fomu ileile inayojazwa na Wakristo, Waislamu na Wayahudi.