Je, Ni "Maumbile Mafu"? Tukizitazama Picha za Chardin

Katika somo la tafsiri, wanafunzi wetu, ambao wengi wao walianza Kifaransa shule ya msingi, hukutana na istilahi nature morte, yaani picha za matunda, samaki, vyombo na vitu vingine vya nyumbani. Wengi huandika "maumbile mafu". Neno kwa neno hawajakosea. Lakini Waingereza, kwa picha zile zile, husema "uhai uliotulia". Tumfuate nani? Tumeona vema tuzitazame picha zenyewe kabla ya kufungua kamusi.

Jean-Siméon Chardin (1699–1779) alizaliwa Paris na kufia huko huko. Tangu mwaka 1667 André Félibien alikuwa amekwisha eleza madaraja ya uchoraji: anayechora wanadamu yuko juu, wa wanyama walio hai anamfuata, na wa vitu visivyo na uhai yuko chini. Hata hivyo, mwaka 1728 Akademia ya Kifalme ilimpokea Chardin kwa picha za vitu hivyo hivyo. Mojawapo, La Raie, ipo katika jumba la Louvre. Samaki mpana aitwaye taa, aliyekwisha pasuliwa, ananing'inia ukutani. Paka anakanyaga chaza, manyoya yamemsimama. Kisu kimelazwa mezani, mpini umetokeza nje ya ukingo. Taa amekufa, ni kweli; lakini mpini ule unangoja mkono wa mpishi. Hapo ndipo neno "mafu" linaposhindwa.

Katika La Pourvoyeuse (1739) mwenye mkono anaonekana. Mtumishi ametoka sokoni, ameegemea kabati lenye mikate mikubwa, na mkono mmoja bado umeshika mzigo wa nyama. Mikate imechorwa kwa uangalifu ule ule uliotumika kwa uso wake. Kwa maoni yetu, huko ndiko kuyajibu madaraja ya Félibien: kitu na mtu anayekibeba havitenganishwi.

Hatusemi kwamba Chardin hana kasoro. Jikoni mwake hamna moshi wala anayegombezwa. Mtumishi tunamwona amechoka, ila mshahara wake hatuujui. Picha yake nyingine ya nyumbani, Le Bénédicité, ambamo mama anawasalisha watoto kabla ya chakula, alipewa mfalme Louis XV mwaka 1740. Hatudhani mfalme alisumbuliwa nayo. Utulivu huo ni mzuri, lakini si ukweli wote.

Basi tunapendekeza tuseme "picha ya vitu vilivyotulia". Kilichokufa hakina wa kukirudia; kilichotulia kina mwenyewe, na huenda yuko njiani anarudi. Msomaji mwenye istilahi bora zaidi atuandikie kabla ya toleo lijalo.