Ustadi wa Kumsikiliza Mtoto

Wapo mafundi ambao kazi yao haishikiki mkononi wala haipelekwi sokoni, na miongoni mwao nampa taadhima kubwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Karagwe, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuwafunza walimu wenziwe, kutoka Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, namna ya kuwa wanasihi wa watoto shuleni.

Nilimwona akifundisha chini ya mparachichi, walimu wameketi wawili wawili, mmoja akisimulia jambo lililomsibu, na mwenziwe amekatazwa kuuliza, kushauri, au kuleta kisa cha maisha yake mwenyewe. Ilikuwa taabu kwa watu waliozoea kunena mbele ya darasa, midomo ilifunguka yenyewe, na kila ilipofunguka mama yule aliinama akasema taratibu, "Ngoja, mwalimu, hajamaliza."

Kisha akawaonyesha jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote. Mtoto, alisema, msimketishe mbele ya meza kama mshitakiwa. Mpeni ungo wa maharage, ketini naye ubavu kwa ubavu, mchambue pamoja. Vidole vikitafuta vijiwe, na macho yakiwa na mahali pa kutua, haya hupungua, na aghalabu neno zito hutoka pale maharage yanapokaribia kwisha: kwamba mama hayupo, kwamba nyumbani usiku kuna mtu wa kuogopwa, kwamba madaftari yalichomwa. Hapo ndipo ustadi hupimwa, maana mnasihi hodari hainui uso kwa mshituko wala haachi kuchambua. Huitikia kwa sauti ndogo, akangoja la pili na la tatu. Akiona kwamba uhai wa mtoto u hatarini, humwambia mtoto mwenyewe kwanza ni nani atakayeelezwa na kwa sababu gani. Lililobaki ni amana, halifiki katika chumba cha walimu.

Mkoa wa Kagera ulikuwa na haja kubwa ya mafundi wa namna hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huku mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliwaacha mayatima katika migomba ambayo hawakuwa na nguvu ya kuipalilia. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Humuliza likawafunza walimu kuwafariji mayatima hao. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika Karagwe. Tarehe 14 Septemba 2020, bweni la Shule ya Msingi Byamungu, wilayani Kyerwa, liliungua usiku, watoto 10 wakafariki. Bweni hujengwa upya kwa fedha; usingizi wa mtoto aliyeokoka huhitaji mtu wa kukaa naye.

Elimu ya kazi hii haikukosekana. Profesa Biswalo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kitabu cha unasihi katika mazingira ya Afrika mwaka 1996, na mwaka 2002 Wizara ya Elimu ikaagiza kwa waraka kwamba huduma hiyo iwepo shuleni. Mwaka uo huo zilitoka kanuni za viboko, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Nasikitika kusema kwamba fimbo ilipata mikono upesi, na unasihi katika shule nyingi haukupata hata kiti.

Leo kazi ya mwalimu wa malezi hupewa mara nyingi mgeni aliyeripoti juzi, mwenye vipindi tele na rundo la madaftari ya kusahihisha. Chumba chake, kikiwapo, ni ghala la majembe na vitabu vilivyochakaa. Nasaha hutolewa mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, kwa sauti ya kukemea, na siri ya mtoto huzunguka katika simu za watu wazima kabla ya kengele ya mchana. Fomu hujazwa, jalada hupangwa, mkaguzi huridhika. Nani aliyemsikiliza mtoto?

Ninyi mnaopanga ratiba za shule za Karagwe na Kyerwa, mpunguzieni vipindi mwalimu wa malezi, mpeni chumba chenye mlango unaofungika, na waiteni wastaafu wenye ustadi huu wangali hai, wawafunze vijana kwa kauli na kwa vitendo, kwani wengi wao hawakuuandika popote.